Mwanamke Dirishani

Petersburg, 3 Februari 1889

Dada Ustinya,
Hamjambo huko? Kifua cha shemeji Nikanor kimepoa? Mimi mzima, ila baridi inanitafuna. Ile picha niliyokuchora dirishani nimeimaliza. Jamani, umetoka! Usihofu, ataiona mwalimu wangu tu. Haki ya Mungu.
Mdogo wako, Agnia

Saratov, 20 Februari

Mdogo wangu,
Sisi wazima, kifua kimepoa kwa maziwa na asali. Ila roho yangu haijatulia. Nilivua kitambaa mbele yako kwa kuwa wewe ni damu yangu. Hapa nywele za mke wa mtu hata baba mkwe hazioni. Na siku ile nilikuwa namlilia mwanangu Mitya, hajamaliza wiki kaburini. Nifunike kichwa, rangi si unazo?
Dada yako

Petersburg, 9 Machi

Dada yangu, salamu tele. Usinikasirikie. Mwalimu ameipeleka kwenye maonyesho, na kitambaa kingeiua. Watu wanasimama mbele yake kimya! Nimeiita "Anamsubiri". Ningeiita mama aliyefiwa, wangepita tu. Kwani huko kwenu nani hutazama picha?
Mdogo wako

Saratov, 14 Oktoba

Agnia, hujambo? Mimi si salama. Maonyesho yenu hutembea mji kwa mji, nawe ulijua. Yamefika hapa, na wafanyabiashara wenzake wakamvuta Nikanor akamtazame mkewe. Alirudi akaketi, hata kofia hakuvua.
"Unamsubiri nani?"
"Nilikuwa namlilia mwanao."
Akacheka. "Maiti husubiriwa? Jina kaliandika mdogo wako mwenyewe."
Nimehamishiwa chumba cha nyuma. Binti yangu Paraskeva amekatazwa kuniita mama. Mwandikie Nikanor kwamba jina umelitunga. Shahidi ni wewe peke yako. Nakuomba, Agnia, mtoto wangu anaondoka mikononi.
Dada yako

Petersburg, 30 Novemba

Dada mpenzi, pole, nimelia sana. Lakini barua hiyo atawaonyesha watu, nami nitaitwa mwongo, na sasa hivi picha inatakiwa Moscow. Vuta subira, hasira za wanaume hupoa.
Mdogo wako akupendaye

Saratov, 17 Desemba

Agnia,
Nakusalimu kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Kesho Nikanor ananipeleka kwa watawa ng'ambo ya mto Volga. Paraskeva anabaki.
Nilikwenda kuiona picha kabla hawajaifungasha. Ni nzuri. Uso ule ni wa mama anayemlilia mwanawe, na hakuna aliyeujua kama wewe uliyeuchora. Ungekuwa hukuelewa, ningekusamehe.
Ustinya