Mahali Ulipomlipia Mama

Mtaa wa nyuma ya soko,
Mafiga,
Morogoro.
2 Julai 2025

Mpendwa Kaka Luqmani,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo wewe na afya yako? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Tunasikia huko Doha joto la mwezi huu halisemeki, na wewe kazi yako ni kupanda juu ya mapaa kutengeneza viyoyozi vya watu. Kunywa maji, kaka, na kichwa ukifunike. Sisi huku hatujambo kwa miili. Baridi imeshuka kutoka mlimani na asubuhi Mafiga nzima inakohoa, lakini ni mafua tu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Oscar wa Mzumbe amemaliza likizo yake na Jumamosi anarudi huko kwenu, nimemwomba akuletee mkononi. Kwenye simu nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, mara ya pili nilifika nusu nikakata nikasema mtandao mbaya. Haukuwa mtandao. Nimeanza kuandika tangu asubuhi, nashona mshono mmoja naandika mstari mmoja, nakwenda jikoni narudi. Roho yangu haitaki kukaa.

Nianze na safari uliyotulipia. Tulifika Mikumi salama, mimi, Abdi, watoto wetu Yasmin na Salum, na Mama. Zile picha ulizoziona kwenye tangazo ni kweli tupu. Mahema yameshasimamishwa, yamejengewa sakafu ya mbao, ndani kuna kitanda cha godoro nene, taa, bafu lenye maji ya moto. Mtu hachomeki hata kigingi kimoja. Salum alifungua na kufunga zipu ya mlango mpaka baba yake akamtisha kumlaza nje. Tuliona twiga, tembo, na pundamilia wengi hadi Yasmin akachoka kupiga picha. Kwa hilo Mungu akulipe, kaka.

Ila mimi raha sikuipata, na unajua sababu. Ulinituma. Ulisema Mama amezeeka, hawezi tena kukaa Kinole peke yake na ule mteremko, ashuke aishi kwangu, na nimwambie huko huko mbugani akiwa amefurahi, asipate nafasi ya kubisha. Nikakubali. Siku ya kwanza nikasema nitamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema kesho. Nilikuwa nainuka, nakaa, nakwenda kuangalia maji yaliyokwisha kuchemka. Abdi akaniuliza kama nina homa.

Sasa kuhusu mizigo. Tulipompitia Mama Kinole, tulimkuta amekaa barazani na viroba viwili, mkeka, kinu na mchi wake, chungu kikubwa, na machipukizi matatu ya mgomba aliyoyafunga kwa gunia bichi. Watoto wakacheka wakakaa chini. Nami nikamtania, nikamwambia Mama, tembo wenyewe hawahami hivyo. Alifunga mlango, akamkabidhi ufunguo jirani yake Scholastika, akapanda gari wala hakugeuka nyuma. Nikasema moyoni uzee una mambo yake.

Asubuhi ya pili tuliamshwa na kelele. Mama alikuwa ameamka alfajiri, akaswali, akavunja matawi akayafunga ufagio, akafagia uwanja wote. Si mbele ya hema letu tu, mahema yote sita, na njia ya kwenda jikoni, mchanga ukabaki na mistari mizuri kama uwanja wa nyumba yenye msiba. Kumbe yule askari wa kambi, Emmanuel, kila kukicha husoma nyayo kwenye ule mchanga ili ajue usiku amepita mnyama gani na amekwenda wapi. Siku hiyo nyati walikuwa wamesikika karibu, na nyayo zote Mama amezifuta. Ikabidi wageni wote tukae ndani hadi saa tano, mpaka walipohakikisha. Wazungu wa hema la jirani wakanywa chai yao wakiwa wamekaa kitandani.

Nilimkaripia, kaka. Nakiri. Nilimwambia huu si uwanja wako, sisi wageni hapa, kwa nini kunitia aibu. Akaniambia kwa upole kwamba mtu akihamia mahali lazima waliomtangulia waone mkono wake, wasije wakasema wameletewa mvivu. Nikasikia, lakini sikusikiliza.

Siku ya tatu tukaanza kufungasha. Nilijiapiza kwamba leo lazima niseme, nikaingia kwenye hema la Mama. Nilimkuta amefungua viroba vyote. Nguo zake amezipanga kwenye rafu, mkeka ameutandika, chungu amekiweka pembeni ya kitanda. Amejitanda ushungi wake mzuri, amekaa, miguu ameibana pamoja. Akaniambia tusichelewe njiani kwa ajili yake. Akasema ameshaelewana na Emmanuel, amemwonyesha mahali pa kupanda migomba yake ambapo tembo huenda hawatapafikia, naye amecheka tu ila ni mtu mwema. Akauliza tutakuja kumtazama mwezi gani. Halafu akauliza kama wewe, Luqmani, unajua alipo.

Nilikaa juu ya mkeka wake.

Ni mimi niliyeharibu, na ni wewe uliyenituma, sote wawili. Nilipompigia simu kumwalika nilimwambia hivi, nayakumbuka maneno yangu moja moja: Kaka amekulipia mahali pazuri, kuna kitanda, kuna maji ya moto, chakula wanapika wao, wewe beba vitu vyako tu. Na fununu za kwamba tunataka kumtoa Kinole alikuwa nazo tangu Ramadhani. Mama akajumlisha. Akadhani umemnunulia mahali pa wazee, pa kumalizia siku zake, na sisi tumeona haya kumwambia. Naye akaamua kutustahi, asituulize. Wiki nzima alizunguka Kinole nyumba kwa nyumba akiaga. Kuku aliwagawa. Jembe alimpa Scholastika. Alikwenda kupalilia kaburi la Baba na la Mjomba Sufiani. Watu walimlilia, kaka, na hakuna hata mmoja aliyetuambia, kwa sababu walijua sisi ndio tuliopanga.

Nilimweleza kwamba tunaondoka pamoja, kwamba yalikuwa matembezi ya siku tatu. Kisha akaanza kukunja nguo zake upya, moja moja. Mikono hiyo ikikunja nguo ndiyo inayonifanya nishindwe kukaa.

Yuko hapa kwangu sasa, siku ya kumi na moja. Utasema basi, si ndivyo tulivyotaka. Hapana, kaka, si hivi. Viroba hajavifungua. Machipukizi ya mgomba anayamwagia maji kila asubuhi lakini hayaweki ardhini, na uani kwangu nafasi ipo. Nimemwambia nimrudishe Kinole, anasema mtu aliyekwisha agwa kwa machozi hawezi kurudi kwa miguu yake akiomba kuku zake. Scholastika amepiga simu kwamba jembe liko na kuku wapo. Anasema kilichotolewa kimetolewa. Nimemwambia basi abaki hapa. Anasema anangoja neno lako.

Ndiyo hapo, kaka. Wewe unafahamu mila ya kwetu, ukoo hufuata upande wa mama. Tangu Mjomba Sufiani afariki, msemaji wa ukoo ni wewe, mtoto wa dada. Mimi nikisema, ni porojo za Mwanvita. Wewe ukisema, ni neno. Sasa nakuomba, na ukitaka kukasirika kasirika, usitume ujumbe wa kwamba ashuke Mafiga, wala usitume wa kwamba arudi mlimani. Njoo. Likizo yako uliyoisogeza mara mbili uichukue. Kaa naye, umuulize anataka kuishi wapi, maana katika maneno yote haya tuliyopanga mimi na wewe hakuna aliyemuuliza. Akisema Kinole, mpandishe mwenyewe, umshike mkono, watu wakuone. Akirudishwa na wewe haitakuwa aibu.

Nami nitubu kidogo. Sikutaka ashuke kwa ajili yake tu. Nilichoka na ile njia ya Kinole kila Jumapili, mshono umenilalia, watoto wanalalamika. Uliposema ashuke nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Nimekwambia ili usidhani nakulaumu wewe peke yako.

Abdi anakusalimu sana, anasema gari la Oscar linapita leo saa kumi kuchukua barua, nimalize. Yasmin na Salum wanamwamkia mjomba wao, na wamekufungia picha ya twiga humu ndani. Msalimie Oscar akifika, na wenzako wote mnaokaa nao. Mwenyezi Mungu akulinde juu ya mapaa hayo, akushushe salama kila jioni, na akuonyeshe njia ya nyumbani.

Mama naye anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema nikuombe radhi kwa niaba yake, kwa kuwa ulimtafutia mahali naye hakukaa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira nawe,

Mwanvita