Tawi la Isale Limefika

Marangu

Kaka Jovin,

Shikamoo. Sisi tuliopo hatujambo. Ng'ombe amezaa dume, na upepo umeangusha migomba ya kule chini.

Ile video yako ya matumbawe niliitazama na Baba. Alipenda mnavyotandaza nyavu juu ya bahari kuyakinga na jua, na ile pampu inayovuta maji baridi kutoka kilindini. Akasema, "Kumbe ni kama kahawa yangu. Bila kivuli cha migomba inaungua."

Nilipokupigia kukuambia anaumwa na anakuita, ulinijibu kwamba bahari imepata joto, matumbawe hayawezi kusubiri, Baba anaweza. Nilimfikishia maneno yako kama yalivyo. Hakukuulizia tena.

Tawi la isale ulilomtumia kwa basi, la kumwomba msamaha, lilifika jana likiwa bado bichi. Kwetu isale halikataliwi, unajua. Nimelipanda vizuri kwenye kaburi lake, upande wa kichwani.

Siku ya mazishi ndugu walitaka kukupigia. Niliwakataza. Niliwaambia uko chini ya maji.

Yasalimie matumbawe.

Mdogo wako,
Zita