Baba ameomba kanisa limkumbuke mtu wa series

Nyakio, uko? Usicheke. Bado tuko kwa parking ya kanisa.

Unakumbuka nilimwekea baba ile app ya sinema baada ya operation ya goti? Nilidhani ataangalia mpira. Kumbe akapata series ya zamani ya watu wanaosafiri angani, ile hata mimi sijawahi kuisikia. Akaimaliza, akairudia. Baba, mzee wa kanisa, muuza mbao wa Elburgon.

Sasa leo pasta akauliza kama kuna mtu ana ombi. Baba akasimama na mkongojo wake. Akasema tumkumbuke kijana mmoja anaitwa Odrin, ameachwa mbali sana peke yake na hewa inamwishia.

Hewa inamwishia. Nyakio, alisema hivyo kwa mic.

Pasta akaomba mpaka akatoa jasho. Mama Khisa akalia, alidhani ni kijana wa kanisa letu aliyeenda kazi Gulf.

Tukafika kwa gari nikamwambia, "Baba, huyo ni actor."

Akasema, "Najua. Mimi si mjinga. Ya kwanza imeishia hapo, ameachwa. Season ya pili iko wapi?"

Nikatafuta kwa simu. Hakuna. Waliisimamisha tukiwa primary kwa sababu watu hawakuwa wanaiangalia.

Baba akaiangalia ile simu. Halafu akauliza polepole, "Kwa hivyo miaka hiyo yote hakuna mtu ameenda kumtoa?"

Akachukua mkongojo wake.

Ameshuka gari sasa hivi. Anarudi ndani kumtafuta pasta.