Vinundu Viwili Pembeni

Dada Mize,

Mwanao Mwanaisha anakulaumu. Jana, mbele ya majirani, kasema: "Mama aliambiwa mapema, akapuuza." Nilikuwepo. Kisha akaniomba karatasi yako ya maabara. Nimemwambia imo kabatini kwangu mjini. Uongo. Ninayo mfukoni, hapa kibarazani kwako Jambiani.

Doa lile jeusi kisiginoni uliliita mwiba. Nani angekubishia? Kila anayelima mwani amechomwa na miiba ya baharini. Ukatia utomvu wa papai miezi kadhaa, ukingoja mwiba utoke. Nilipokuona unakanyagia vidole, ukanicheka: "Nyie wa mjini mkichomwa kidogo mnataka mwandikwe gazetini!" Kwa hilo sikulaumu.

Doa likavimba. Walipokukata uvimbe hospitalini, majibu yalikuja kwa Kiingereza, ukanipa nikusomee. Nikasoma: saratani ya ngozi, uvimbe mkubwa umetolewa. Ukasema, "Alhamdulillahi. Basi nshapona." Nikaikunja karatasi.

Chini yake palikuwa na mstari mwingine. Pembeni ya uvimbe, ndani ya ngozi ambayo kwa macho ilikuwa nzima, walikuta vinundu viwili vidogo vya saratani, vimejitenga. Daktari alikwishanieleza mlangoni: ugonjwa umeanza kutembea, asichelewe kwenda Dar kutibiwa. Mimi nikakwambia wanataka kukuangalia tu, nenda ukipata nafasi.

Kwetu mgonjwa havunjwi moyo. Nimejificha nyuma ya maneno hayo mwaka mzima. Kweli ni kwamba uso wako ulikuwa na furaha, nikaogopa kuuona ukibadilika. Ukarudi kwenye mwani wako. Ulipokwenda Dar, vinundu vilikuwa vimepanda hadi gotini.

Sijui kama miezi ile ingekuokoa. Hakuna daktari aliyeniambia ndiyo wala siyo. Ilikuwa miezi yako, na uamuzi ulikuwa wako. Nikauchukua mimi.

Sikukuandikia nisamehewe. Huko kaburini huwezi kunijibu, na nisingependa kukujibia.

Mwanaisha namwona anapanda kutoka pwani, gunia kichwani, nguo zimelowa. Nitamsomea karatasi yote, kisha nitamwambia niliyoyasikia mlangoni. Huenda asinisalimie tena. Huenda akanitoa kibarazani mwako leo hii.

Pumzika, dada yangu. Kuanzia leo hulaumiwi kwa kosa langu.

Mdogo wako,
Haji