Ndege ya Papa Philippe Haikubali Bawa

Jumamosi, 3 Agosti 2019
Nimetoka kwa Papa Philippe na boksi. Si jibu — boksi! Nilikwenda kuomba siku ya kuleta wazee wangu waje kumposa binti yake Marlène. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akainama, akavuta chini ya kitanda ndege ya plastiki ya kuunga, vipande vitupu. Aliikuta ndani ya robota la mitumba. Akasema niiunge, niilete Jumapili ya tarehe kumi na nane nikija na wazee. Eti fundi anayeacha kitu nusu, ataacha na binti yake nusu.

Ndege yenyewe ni ya mizigo, feni mbili. Nilipotaja feni alikunja uso. "Haiko feni. Iko hélice." Alitia mafuta ndege za namna hiyo kiwanjani Beni, huko Kongo, kabla ya kuvuka mpaka wa Uganda kuja hapa Bwera.

Mimi fundi wa simu. Nafungua simu huku nasinzia. Plastiki itanishinda?

Jumapili, 4 Agosti
Imenishinda. Tumbo la ndege lina pande mbili, na upande wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Nimepima kabla ya kanisa, nimepima baada ya kanisa. Maombi hayajabadilisha kitu. Karatasi ya maelekezo ina maandishi ya nchi nisiyoijua, na mshale unaonyesha tundu. Tundu halipo!

Jumanne, 6 Agosti
Nimeupasha mkia kwa bloa ya simu, ile ya hewa moto, ili unyooke. Umelala kama mkia wa mbwa aliyefukuzwa jikoni. Mteja kauliza simu yake. Nikasema nasubiri spea. Uongo — iko juu ya injini, inaigandamiza ishike.

Ijumaa, 9 Agosti
Bawa la kushoto linaacha mwanya, kijiko kinapita. Nimeuziba kwa unga wa muhogo na gundi ya mbao, juu nikapaka rangi ya kucha ya Marlène. Limependeza mno!

Jumamosi, 10 Agosti
Mende wamekula bawa.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimeziba upya, safari hii kwa kipande cha beseni nilichokiyeyusha. Sasa rubani wa plastiki haenei. Kichwa kinazuia kioo kufunga. Nimemkata miguu.

Marlène alipita dukani, akaiona miguu mezani. "Bright! Ule mutu alikukosea nini?" Akakaa nje, kanipa mgongo. Baadaye akalegea, akanieleza. Papa mwenyewe aliijaribu mwaka jana. Aliweka magurudumu juu, akaitupa kwenye paa kwa hasira, kisha akapanda kuitoa. Akashuka analia. Nyumbani hawajawahi kumwona analia, hata siku ile walipokimbia vita Beni.

Nilidhani mzee ananichezea. Kumbe sivyo. Sasa naogopa kweli.

Alhamisi, 15 Agosti
Mjomba Semu amefika kutoka Kasese. Ndiye msemaji wetu Jumapili. Ameizunguka ndege mara mbili. Halafu: "Sisi Bakonzo naleta mbuzi. Mbuzi inakuja imeshaungwa." Amecheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nampenda Marlène, na bawa bado linaning'inia.

Jumapili, 18 Agosti
Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika ndege. Yaani umeshikana nayo!

Asubuhi bawa liliachia. Nikapaka supaglu, nikalibana kwa vidole vinne nikihesabu mpaka mia. Mia ilikuwa nyingi. Mjomba Semu alivuta, nikapiga kelele, tukaondoka hivyo hivyo, ndege chini ya koti. Njiani nikajifariji: tangu Ebola ifike huku, hakuna kusalimiana kwa mikono. Nani atauomba mkono wangu?

Nilisahau ndoo! Kila mlango wa Bwera una ndoo ya maji ya klorini ya kunawa mikono, na kwenye bomba la ndoo ya kwake alisimama Papa Philippe mwenyewe.

"Mikono yote mbili."

Nikatoa wa kushoto.

"Yote mbili!"

Nikatoa ndege.

Wazee wakasogea kuona. Mjomba Semu akawahi kusema kijana wetu hataki kuiachia mpaka ifike salama. Papa alinikalisha kwenye kiti, akavaa miwani. Marlène akaleta dawa ya kutoa rangi ya kucha, Papa akaikataa, itayeyusha bawa. "Ngozi itaota tena. Plastiki haiote." Kaomba wembe.

Sasa anakata, taratibu. Nimeambiwa nisitazame, ndiyo maana naandika, daftari gotini. Mbuzi wamefungwa nje, wanalia. Hakuna mwingine aliyekaa. Kidole cha kwanza kimetoka, ngozi kidogo imebaki kwa ndege. Cha pili. Papa amepuliza hélice, imezunguka! Ameipuliza tena. Amechungulia kwenye kioo, amesema rubani amekaa vizuri. Marlène amenitazama nisiseme kitu.

Cha tatu kimetoka. Kimebaki kimoja. Papa ameinamia mkono wangu, nasikia pumzi yake.

"Usitikisike, mukwe."

Mukwe!

Nimetikisika. Kidole kimechomoka, na bawa pia: liko sakafuni. Mjomba Semu ametazama dari. Papa hajainua kichwa, na mkono wangu bado ameushika —