Kibuyu cha Bibi na Safari ya London

Dada Neema,

Sijawahi kumwambia mtu: napenda kupiga hesabu za safari za ndege, na karatasi huwa nazificha. Leo hapa Bariadi bibi aligoma kula, akidhani baba mdogo atakaa angani wiki nzima akitoka London. Nikachora dunia kwa mkaa juu ya kibuyu, nikapima London mpaka Dar kwa uzi wa pamba, nikagawa kwa mwendo wa ndege. Nikasema, mbele ya wanunuzi binafsi wa pamba waliomtembelea babu, "Masaa tisa tu, bibi."

"Na mchana hiyo ndege inapumzika kwenye kivuli gani, kama ng'ombe?"

"Haichoki, bibi."

Akacheka, akaomba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mabega yamenipanda kwa fahari!

Nasikia nyayo za bibi mlangoni, na leo karatasi ya hesabu siifichi. Msalimie mama, mwambie nimesema mbele ya watu.

Mdogo wako,
Kabula