Yule Aliyekuwa Akimnyanyua Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani ulipo. Natumaini mguu unaendelea kuunga na kwamba wifi bado anakuzuia kupanda ngazi. Mwambie asikuonee huruma, maana wewe tangu utotoni husikii mpaka ufungwe plasta. Sisi huku hatujambo. Nimeandika “sisi” kwa mazoea tu, kaka. Niko peke yangu.

Barua yako nimeipata. Umesema hujilaumu sana kwa kukosa mazishi, kwa kuwa nilikuambia kwenye simu kwamba Mama alikuita kabla hajakata roho, na neno hilo ndilo linalokupa usingizi. Umeniomba nikusimulie yote. Nimelikwepa ombi hilo kwa muda mrefu, leo nimepiga moyo konde.

Unajua kwamba kanisa lilinitenga nilipofunga ndoa ya serikali na Fundi. Mke wake wa kwanza alimkimbia zamani, lakini yu hai, na katiba ya kanisa letu inasema mwenye mke hai haoi mwingine. Basi nikawa mtu wa benchi la nyuma, pamoja na msichana aliyezaa kabla ya ndoa na mzee mmoja wa pombe anayesinzia kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Wenzetu wanakwenda mbele kupokea Meza ya Bwana, sisi tunatazama visigino vyao.

Labda hukuambiwa kwamba mkate wa Meza niliendelea kuuoka mimi. Walimpa kazi hiyo mke wa yule mzee wa kanisa tunayemwita Kengele, ukatoka mgumu hata mchungaji akashindwa kuumega mbele ya watu. Wakaketi kikao. Kengele akatoa hoja kwamba katazo ni la kula, kukanda hakukutajwa. Hoja ikapita. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa nakanda unga usio na chachu, nausukuma, nautobatoba kwa uma usivimbe, kisha naupeleka kwa mchungaji umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mama alicheka mpaka akakohoa. Alisema wanauogopa mdomo wangu, lakini mikono yangu wameshaisamehe.

Alicheka, ila Mama hakuwa mtu wa kupindisha sheria. Aliniambia waziwazi kwamba ananipenda na kwamba nimekosea, na yote mawili aliyasema kwa sauti ileile. Hata Fundi, Mama alimsalimia kwa mbali mwaka mzima. Ugonjwa ulipomtwaa miguu, mimi nilijaribu kumbeba, tukaanguka wote wawili. Fundi ndiye aliyeweza. Kila adhuhuri aliacha kuchomelea mageti yake, akaja, akanawa masizi mpaka viwikoni, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha dirishani. Mama alianza kwa kufumba macho. Baadaye akawa anamtania, akisema kama chuma kingezaliwa na adabu kingekuwa yeye. Wakazoeana, kaka. Mimi nilikuwa nasikia vicheko vyao nikiwa jikoni.

Kisha mchungaji akaja kumletea Mama Meza nyumbani. Kabla hajaufunua mkate aliniomba kwa upole nitoke chumbani. Mama akauliza kama mtoto wake hatakula. Mchungaji akasema angependa, ila mkono wake umefungwa na katiba. Mama akamjibu kwamba hawezi kula huku mwanawe amesimama koridoni, basi atasubiri nirudishwe. Nami sikuweza kurudishwa nikiwa na mume. Mchungaji akaufunika mkate wake akaenda.

Mama akasubiri kweli. Akawa anakonda huku anasubiri. Asubuhi aliniuliza kama kikao kimekaa, jioni aliniuliza tena. Alianza kuogopa kufa bila Meza, akawa hataki taa izimwe. Nilikwenda kwa mchungaji, nikaenda kwa Kengele, nikalia mbele ya wote wawili. Kengele alinipa kiti na maji ya kunywa, akasema sheria haina macho.

Ndipo nikatenda nililotenda. Nilioka mkate kama wa Jumamosi, nikaufunga kwa kitambaa kilekile, nikaingia chumbani nikamwambia Mama kwamba nimerudishwa, na kwamba mchungaji yuko safarini, amenituma nimletee. Uso wake ulivyong'aa, sikuwahi kuuona hivyo tangu Baba alipokuwa hai. Akaunyoosha mkono. Halafu akausitisha hewani, akaniuliza: kwa hiyo na Fundi mmeachana?

Sikuwa nimelifikiria swali hilo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mdomoni mwa Mama. Nikasema ndiyo, tumeachana, sina habari naye tena. Fundi alikuwa mlangoni, ameshika beseni la maji ya kumwoshea miguu.

Tulikula, mimi na Mama. Alilia kwa furaha. Mimi nilisikia ladha ya unga tu.

Fundi alipoinama kumnyanyua, Mama akamzuia. Hakuwa na ukali. Alimshukuru kwa yote, akasema kwa kuwa binti yake amemwacha kwa ajili ya Bwana, si vizuri yeye kuendelea kuingia chumbani. Fundi akaweka beseni chini akatoka. Siku zilizofuata alishinda ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, na Mama akashinda kitandani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kumhamisha. Nilimwambia Fundi kwamba yale yalikuwa maneno tu. Akanijibu kwamba kama ni maneno tu, niingie nikayafute. Nikamsihi avumilie mpaka Mama apumzike. Akasema wazee wa kanisa wakimwita mzinzi haumii, kwa kuwa hawamjui, lakini mimi namjua. Alifunga nguo zake na miwani yake ya kuchomelea, akaondoka. Simu yake haipatikani. Mwenye karakana naye hajui alikoelekea.

Sasa kaka, nisamehe kwa hili nitakalokuambia. Mama hakukuita wewe.

Siku ile ya mwisho alizinduka, akatazama dirishani, akasema mwiteni yule mwanangu anayeninyanyua. Nikamkumbusha kwamba tumeachana, na kwamba mwenyewe alimkataza asiingie. Akasema anajua, lakini nimwite, amechoka kulala, anataka kukaa. Akasema mambo ya ndoa Mungu atayatazama mwenyewe. Nilikimbia hadi barabarani kana kwamba nitamkuta pale. Niliporudi alikuwa bado anatazama mlango. Akaniuliza mbona anachelewa. Alikufa akimngoja, akidhani Fundi amemkasirikia.

Nilikuambia alikuita wewe kwa sababu ulikuwa unalia kwenye simu, nami nilishazoea kutoa faraja isiyo yangu.

Baada ya mazishi mchungaji alikuja na Kengele. Waliniuliza jambo moja tu: ni kweli yule mwanamume ameondoka? Nikasema ni kweli. Wakafurahi, kaka, walifurahi kwa moyo safi kabisa. Mchungaji alinishika mkono akasema neema imenipata. Jumapili watanirudisha kundini. Nilitaka kuwaambia kuhusu mkate ule, kuhusu mlango, lakini Kengele alishaanza kuomba. Nitakwenda. Sina nguvu ya kukataa, na nyumba hii imenishinda kukaa.

Wewe umesomea Neno na unafundisha wachungaji. Uliniambia siku moja kwamba neema haidai kitu kwa mtu. Sikuulizi kama ulikosea. Nakuomba tu, kwa kuwa mafundi wengi hutafuta kazi huko kwenu mjini, ukiweza kutembea upite kwenye karakana umuulizie. Ukimpata, usimwambie arudi, sistahili hilo. Mwambie Mama alimwita. Yeye hajui.

Msalimie wifi na watoto wote. Mungu akuponye haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba